Tongoli si Pambo la Ukutani

Katika gazeti hili la shule yetu tumezoea kusoma habari za mpira, za mitihani, na za wenzetu waliokwenda vyuo vikuu. Hizo ni habari njema, nami huzisoma zote tangu ukurasa wa kwanza hata wa mwisho. Lakini leo namwomba Bwana Mhariri anipe nafasi niseme neno juu ya vyombo vyetu vya muziki vilivyokaa muda mrefu bila kupigwa, na juu ya mikono yetu iliyoacha kuvipiga. Nina maoni yangu katika jambo hili. Sikuyapata vitabuni, niliyapata siku nilipokiharibu kinanda cha babu yangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwetu ni Iyolwa, wilaya ya Tororo, upande wa Uganda, mahali ambapo mtu huweza kwenda Busia asubuhi kununua vitu vyake na kurudi nyumbani kabla ya jua kuchwa. Sisi ni Wapadhola, na babu yangu alikuwa mpigaji wa tongoli. Kwa wasomaji wasioijua, tongoli ni kinanda cha nyuzi. Kina bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili inayotoka katika bakuli hilo, na mti uliokingama juu ambako nyuzi hufungwa. Ndugu zake ni wengi pande zetu hizi: Wajaluo wa Kenya wana nyatiti, Wabukusu wana litungu, na Waganda wana endongo.

Babu alinianza nikiwa na umri wa miaka minane. Jioni wazee walipokaa kuzunguka chungu cha pombe ya ulezi, kila mtu na mrija wake, yeye alikaa pembeni na tongoli yake, nami nilikaa chini karibu na mguu wake nikitazama vidole. Nilipofika miaka kumi na minne nilikuwa najua nyimbo saba. Mwaka huo, 1994, nikaja shuleni kukaa bweni, na hapo ndipo nilipoacha. Hakuna aliyenikataza. Niliona haya tu. Wenzangu walikuwa wakizungumza habari za gitaa na redio, nami sikutaka kuitwa mtoto wa kijijini. Babu alifariki mwaka 1998, nami baadaye nikapata kazi ya ukarani Jinja. Tongoli ikabaki kwa bibi, imetundikwa jikoni.

Sasa wasomaji wangu wasikilize vizuri, maana hapa kuna fundisho. Miaka yote ile tongoli ilipotundikwa jikoni, katika moshi, ilikuwa nyeusi kama chungu, lakini ilikuwa nzima. Moshi ulifukuza wadudu watoboao miti, na panya hakupenda kukaa hapo. Mwaka 2009 sisi wajukuu tulichanga fedha, tukamjengea bibi nyumba ya mabati. Tukaiosha tongoli, tukaipaka vanishi mti na ngozi pamoja, tukaitundika sebuleni katikati ya kalenda na picha za mahafali. Kila mgeni aliisifu. Kumbe tangu siku ile tulikuwa tunaiua. Vanishi iliikausha ngozi ikawa ngumu kama gome, dudu wakaingia katika mti, na panya akala ukingo mmoja wa ngozi. Miaka kumi na moja ya heshima iliiharibu kuliko miaka mingi ya masizi.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipozuka, kazi zilisimama, nami nikarudi Iyolwa. Shule pia zilikuwa zimefungwa, na nyumba ya bibi ilikuwa imejaa wajukuu wasio na la kufanya. Siku moja binti wa kaka yangu akaniuliza, "Baba mdogo, kile kitu ukutani kinalia?" Nikaona aibu kusema sijui. Nikaenda Busia, nikanunua mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, ambao wapigaji wengi hutumia siku hizi badala ya kano za ng'ombe. Nikarudi, nikafunga nyuzi zote mchana mmoja, nikazikaza zote hata zikalia vizuri. Watoto wakapiga makofi. Kabla ya makofi kwisha tukasikia mlio kama wa ukuni unaopasuka. Ngozi ilikuwa imechanika kutoka ukingo hata ukingo, na kile kijiti kinachobeba nyuzi kikaruka mpaka mlangoni.

Bibi alikuwa nje akimenya karanga. Aliingia, akatazama, akasema, "Mjukuu wangu, babu yako hakuikaza kwa siku moja hata ilipokuwa mpya." Akarudi kwenye karanga zake.

Basi nikamwendea mzee mmoja wa kijiji jirani aliyekuwa akipiga pamoja na babu. Nilimkuta chini ya mwembe. Nilipomweleza shida yangu alicheka, halafu akasema yeye mwenyewe hajashika tongoli kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Yake ililiwa na mchwa, na hakuna mtu aliyemwita tena apige, kwa hiyo hakutengeneza nyingine. "Nimesahau," akaniambia. "Lakini ngozi naweza kukuonyesha."

Akanionyesha. Tuliloweka ngozi mpya ya mbuzi usiku kucha, tukaiwamba ikiwa mbichi, tukaiacha ikauke kivulini siku nne, mbali na jua kali. Matundu ya dudu tuliyaziba kwa nta. Nyuzi tulizifunga zikiwa legevu, na kila siku asubuhi na jioni tulizikaza kidogo tu, mpaka mti na ngozi vikazoeana tena na mzigo. Kazi yote ilichukua siku kumi. Kinanda kilichokaa kimya miaka ishirini na miwili kilipona kwa siku kumi na bei ya ngozi moja ya mbuzi.

Ikaja kazi ya kupatanisha sauti za nyuzi. Mimi, kama msomi, nilichukua simu yangu yenye programu ya kupimia sauti, nikalinganisha kila uzi nayo. Mzee akanyamaza mpaka nimalize. Kisha akapitisha kidole juu ya nyuzi zote, akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, hii uliyoitega ni kengele ya kanisani. Hebu ilete." Akaanza kuimba taratibu kwa sauti ya chini, akategemeza uzi wa kwanza kwenye sauti yake, kisha wa pili kwa wa kwanza, na hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Alipomaliza nikaisikia sauti ya babu yangu. Nyuzi mbili kati ya zile hazikulingana na sauti yoyote iliyomo katika simu yangu. Zilikuwa katikati, mahali ambapo kinanda cha Kizungu hakina kibonyezo.

Kisha akajaribu kupiga. Siku ya kwanza vidole vilikwama, akakasirika, akaiweka chini. Siku ya pili alipiga nusu ya wimbo. Siku ya tatu jioni, tulipokuwa tukizungumza habari za mihogo, mikono yake ikaanza wimbo ambao yeye hakuutaja wala hakuukusudia, ikaumaliza wote. Akaitazama mikono yake akasema, "Hii imekumbuka kabla yangu."

Na mimi vile vile. Katika nyimbo zangu saba, vidole vilinirudishia mbili katika juma la kwanza, na nne kabla ya mwezi kwisha, ingawa ncha za vidole ziliuma sana, maana zile sugu za utotoni zilikwisha toweka zamani. Tatu hazikurudi. Hata mabingwa wa dunia jambo hili huwapata. Mpiga piano mashuhuri Vladimir Horowitz aliacha kupiga mbele ya watu mwaka 1953, na aliporudi jukwaani Carnegie Hall, New York, mwaka 1965, alikosea sauti mwanzoni kabisa, kisha mikono ikashika njia yake. Lakini yeye kwa miaka yote ile kumi na miwili alikuwa na piano nyumbani. Mimi sikuwa nayo tongoli, nilikuwa na haya yangu tu.

Mzee yule alinifundisha tangu Agosti mpaka mavuno yalipotukalia. Akasema kuna namna nyingine ya kupatanisha nyuzi, iliyotumika kwa nyimbo za matanga, na ya kuwa hizo nyimbo zangu tatu zilizopotea zilikuwa za namna hiyo. Ndiyo sababu vidole vyangu havikuzipata: vilikuwa vikizitafuta katika nyuzi zisizo zake. Akaahidi kunionyesha. Mimi nikasema hapana haraka, tutafanya baada ya Krismasi. Januari 2021 akashikwa na kifua, na kabla ya mwezi kwisha tukamzika. Nimeuliza vijiji vyote vya karibu. Mpaka leo sijapata mtu aijuaye namna ile.

Kwa hiyo naomba niseme wazi ninaloamini. Tunaposema "vyombo vyetu vinapotea", tunachanganya mambo matatu yasiyooza kwa mwendo mmoja. Mti, ngozi na nyuzi huharibika upesi, lakini hutengenezeka upesi pia. Mkono husahau polepole, na ukirudishiwa kazi yake hukumbuka kwa juma au kwa mwezi. Lakini ile elimu ya namna ya kupatanisha sauti, na ya wimbo gani unakwenda na namna gani, haiozi hata kidogo. Inakaa nzima katika kichwa cha mtu mmoja, kisha inakwisha kwa siku moja. Nasi tunatumia nguvu zetu zote kulinda kile cha kwanza. Tunapaka vanishi, tunafunga stoo kwa kufuli, tunatundika ukutani, halafu tunaona tumehifadhi.

Tazameni mifano. Mwaka 1922 Howard Carter aliligundua kaburi la mfalme Tutankhamun huko Misri, na ndani yake mkakutwa tarumbeta mbili, moja ya fedha na moja ya shaba. Mwaka 1939 zilipigwa katika redio ya BBC, baada ya miaka zaidi ya elfu tatu, na zikalia. Lakini hakuna mtu duniani awezaye kusema wapigaji wa Farao walipiga wimbo gani. Shaba ilingoja miaka elfu tatu. Wimbo haukungoja.

Au tusiende mbali. Katika jumba la Kabaka kule Mengo kulikuwa na entenga, ngoma kumi na tano, kumi na mbili kati yake zikiwa zimepatanishwa sauti, ambazo hupigwa na watu sita kwa pamoja. Tarehe 24 Mei 1966 jumba lile lilishambuliwa na jeshi la serikali. Kabaka Mutesa II akakimbilia Uingereza, alikofariki mwaka 1969, na wapigaji wake wakatawanyika. Mwaka 1967 katiba mpya ikafuta falme zote. Ziliporudishwa mwaka 1993, ilikuwa imepita miaka ishirini na saba tangu shambulio lile. Ngoma si kitu kigumu kutengeneza. Mafundi wapo, na miti na ngozi za ng'ombe zipo. Lakini entenga ni mazungumzo ya watu sita, na mtu mmoja aliyebaki hujua sehemu yake na kusikia za wenzake kwa kumbukumbu tu. Ili vijana waipige tena miaka ya karibuni, ilibidi atafutwe mzee aliyewahi kuipiga katika jumba lile, naye akawafundisha sehemu moja moja.

Kwa majirani zetu Wasoga hali ilikuwa ngumu zaidi. Wao wana bigwala, tarumbeta za vibuyu, ambazo kila moja hutoa sauti moja tu, hivyo wimbo mmoja huhitaji wapigaji watano au zaidi wanaopokezana kwa zamu. Zilikuwa za sherehe za Kyabazinga, na ufalme ulipofutwa zikakosa kazi. Mwaka 2012 UNESCO iliiandika bigwala katika orodha ya mila zinazohitaji kuokolewa kwa haraka, na ikaeleza kuwa wamebaki mafundi wazee wanne tu. Wanne, wasomaji wangu, kwa muziki unaohitaji watano! Mwalimu James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo pamoja na wazee wale walipoanza kuwafundisha vijana, kazi iliwarudisha mpaka shambani, maana ilibidi wapande kwanza vibuyu vyenyewe. Leo wako vijana wanaopiga bigwala. Naona fahari kulisema hili, kwa sababu linaonyesha kwamba chombo kilichokuwa kaburini huweza kutoka, mradi mtu mmoja ajuaye yu hai, na wengine wakaja kwake kabla hajaondoka.

Sasa nageuka kwenu, wanafunzi, maana mnaweza kusema haya ni mambo ya wafalme na wazee. Sivyo. Yanawahusu ninyi kuliko watu wote.

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na ijapokuwa madarasa machache yaliitwa kidogo kidogo, hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Ni karibu miaka miwili. Mwezi ule wa Januari nilitembelea shule moja. Sitaitaja, kwa kuwa naamini ziko nyingi kama hiyo, na huenda yetu ni mojawapo. Mwalimu alinifungulia stoo ya muziki. Mlikuwa na ngoma sita, mbili zimepasuka kwa joto la bati. Akogo za Wateso zilikuwa na kutu katika kila ulimi wa chuma. Tarumbeta za bendi ya shule zilikuwa na kutu ya kijani, na vibonyezo vyake vimeganda. Nikasikitika. Lakini mwalimu yule alikuwa mtu wa vitendo. Tukatia tarumbeta katika maji ya vuguvugu na sabuni, tukazisugua ndani kwa kitambaa, tukatia mafuta mepesi, na kufika alasiri tatu kati ya nne zilikuwa zikipiga. Akogo tulizisugua kwa msasa. Tukafurahi sana.

Ndipo nikamwuliza, "Nani atazipiga?" Akafikiri, akahesabu kwa vidole. Waliokuwa kidato cha nne walikwisha fanya mtihani wao na kwenda zao. Waliokuwa cha tatu hawakurudi wote. Waliokuwa cha kwanza na cha pili walikuwa bado hawajafundishwa, maana katika shule hiyo mwalimu hufundisha wachache, na wale wachache ndio hufundisha wadogo wao bwenini na nyuma ya darasa jioni. Aliyebaki ni kijana mmoja mpiga ngoma kubwa. Bendi ya watu kumi na wanane ilikuwa imebakia ngoma kubwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa shule ni kijiji ambacho wazee wake wana umri wa miaka kumi na minane. Kila Novemba shule yetu huwazika wazee wake wote kwa siku moja. Yaani huwaaga, huwapa vyeti, nao huondoka na kila wanachokijua. Kijijini elimu ya mzee huweza kungoja miaka arubaini ipate mtu wa kuirithi. Shuleni haingoji hata miwili. Kwa hiyo mahali ambapo ufundi wa mikono hufa upesi kuliko pote si Iyolwa kwa bibi yangu. Ni shuleni.

Najua yatakayosemwa. Wengine watasema kuwa tunapiga vyombo hivi kila mwaka katika mashindano ya muziki, na kombe liko ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Kweli, na mashindano ni jambo jema. Huko Kenya yameanza tangu mwaka 1927. Lakini tuambiane ukweli sisi kwa sisi. Shule nyingi hutoa ngoma stoo majuma matatu kabla ya mashindano, huita fundi wa nje, hukariri nyimbo mbili, hushinda au hushindwa, halafu hurudisha ngoma na kufunga mlango. Mwaka unaofuata huanza tena sifuri na fundi yule yule. Siku fundi huyo atakapokosekana, tutabaki na kombe.

Wengine watasema mitihani haina nafasi ya tongoli. Mimi nilipita mitihani hiyo, na wala siidharau, kwa maana ndiyo iliyonipa kazi. Lakini sijaona mwanafunzi aliyeanguka kwa sababu ya nusu saa ya Ijumaa. Na wengine watasema dunia imekwenda mbele, vyombo hivi havitakiwi tena. Kwa hao nitawataja ndugu zetu wa upande wa pili wa mpaka. Nyatiti ni ndugu ya tongoli yetu, na Ayub Ogada, aliyefariki mwaka 2019, aliipeleka mpaka katika majumba ya muziki ya Ulaya, na wimbo wake "Kothbiro" ukasikika katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005. Dunia haikuikataa nyatiti. Ilisikia kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeipiga vizuri.

Basi mimi nashauri haya. Kwanza, ufunguo wa stoo ya muziki usikae kwa mwalimu peke yake. Apewe mwanafunzi mmoja mwaminifu, na vyombo vitoke kila juma mwaka mzima, hata kwa nusu saa. Chombo kinachopigwa hakishambuliwi na panya, na ngozi inayoguswa kila juma huonyesha ufa wake mapema.

Pili, pasiwe na mpigaji anayeingia kidato cha nne bila kuwa na mrithi wake kidato cha kwanza au cha pili. Jina la mrithi liandikwe katika daftari la bendi kama vile yaandikwavyo majina ya viranja. Mpigaji asiye na mrithi asihesabiwe kuwa amemaliza.

Tatu, wakati wa likizo, kila mwanafunzi ambaye kwao kuna mzee apigaye au aliyewahi kupiga, amwendee. Asianze kwa kuuliza wimbo. Aanze kwa kuuliza namna ya kupatanisha sauti, na kama ziko namna zaidi ya moja, aulize zote. Hapo simu ina kazi yake njema: mrekodi mzee akigusa uzi mmoja mmoja na kuutaja. Lakini msidhani rekodi inatosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Bwana Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, alirekodi muziki sehemu nyingi za nchi yetu, na nakala zake leo ziko Makerere. Ni hazina kubwa, nami namshukuru. Hata hivyo rekodi hukuambia wimbo ulisikikaje; haikushiki kidole na kukuambia, "Si hapo."

Nne, wasichana wafundishwe. Zamani kwetu tongoli ilikuwa ya wanaume, na kwa kufanya hivyo tuliondoa nusu ya warithi wetu kabla hata ya kuanza kuwatafuta.

Na kwenu, wanafunzi wenzangu wa zamani, mnaochanga fedha kila mwaka kununulia shule kitu: mwaka huu msinunue ngoma mpya. Zilizopo zinatosha. Lipeni nauli na chakula cha mzee mmoja aje shuleni mara mbili kila mwezi. Fedha yake ni ndogo kuliko bei ya tarumbeta moja, na yeye hangoji.

Binti wa kaka yangu, yule aliyeniuliza kama kile kitu ukutani kinalia, sasa anapiga nyimbo zangu zote nne, na moja anaipiga vizuri kuniliko. Alikaa karibu na mguu wa mzee yule miezi yote ile akitazama vidole, nami sikujua kama anajifunza. Tongoli haiko tena sebuleni. Tumeirudisha jikoni, karibu na mlango, mahali ambapo moshi hufika na mkono hufika. Bibi analalamika kuwa inamzuia kupita na sufuria, na kila jioni mtu huiondoa hapo.

Namna ile ya matanga bado naitafuta. Ikiwa msomaji yeyote wa gazeti hili, awe Iyolwa, Nagongera, Mulanda au ng'ambo ya mpaka, ana mzee nyumbani aijuaye, tafadhali amwandikie Mhariri. Nitakuja siku hiyo hiyo. Sitasema tena baada ya Krismasi.

Mimi wenu,
Mwanafunzi wa zamani, Iyolwa.